Nani Amekwambia Vinatosha?

Nimefundisha hisabati na fizikia kwa miaka 31, na katika miaka yote hiyo nimewafundisha watoto wa watu uongo mmoja. Sikuutunga mimi. Niliupokea kwa walimu wangu, nao waliupokea kwa walimu wao. Uongo wenyewe ni huu: ukiwa na vitu viwili usivyovijua, tafuta milinganyo miwili, vikiwa vitatu, tafuta mitatu, vikiwa mia, tafuta mia, kisha kaa chini ufanye kazi. Niliuandika ubaoni kwa chaki ya rangi, nikauzungushia mstari, nikawaambia wanafunzi waukariri kama wanavyokariri majina ya mito. Leo nimestaafu, sina wa kumkaripia isipokuwa kuku, na kwa hiyo nimepata wasaa wa kulikiri kosa langu hadharani na kugombana na wale ambao bado wanalifanyia biashara.

Kilichonichokoza ni ziara. Kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa ni mhandisi na mvi zimeanza kumtoka, alikuja kunijulia hali. Tukakaa barazani tukanywa chai ya tangawizi. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya habari za wagonjwa na za waliotangulia, akaanza kunieleza kazi yake. Wanapokea mawimbi yaliyopotewa na awamu, akasema, nao wanatakiwa kuyarudisha kama yalivyokuwa. Nikamwuliza wanachukua vipimo vingapi. Akacheka.

"Mwalimu, si wewe mwenyewe uliyetufundisha? Visivyojulikana mia, vipimo mia. Kinachobaki kompyuta inamalizia."

Inamalizia! Neno hilo lilinikosesha usingizi usiku ule. Kinachomaliziwa na kompyuta pasipo kipimo kinatoka wapi? Hakitoki kwenye wimbi, maana wimbi halikuulizwa. Kinatoka kichwani mwa aliyeandika programu.

Ndugu msomaji, kabla sijaendelea inanipasa kulieleza neno awamu, kwa sababu kwetu limetekwa na siasa. Mtanzania akilisikia humfikiria Rais: awamu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katika fizikia neno hili lina kazi ya chini zaidi, na mtu wa pwani anaijua kazi hiyo hata kama jina halijui. Mimi nimezaliwa kando ya bahari, upande wa Tanga. Wakati wa bamvua maji ya kwetu hupanda na kushuka kwa mita 3 na zaidi. Ukimwambia mvuvi kwamba leo maji yatapanda mita 3, umemwambia ukubwa, lakini hujamwambia saa. Akitaka kujua kama alfajiri ataikuta ngalawa yake inaelea au imelala matopeni, mita 3 zako hazimfai kitu. Ile saa ya kujaa na kupwa ndiyo awamu. Kila wimbi, liwe la bahari, la sauti au la mwanga, lina mambo hayo mawili, ukubwa na awamu, na ukilikosa moja huwezi kulichora.

Vyombo vyetu vingi hupima ukubwa na kuiacha awamu ipotee. Si uzembe wa watengenezaji. Mwanga tunaouona kwa macho hutikisika kati ya mara trilioni 400 na trilioni 750 hivi kwa sekunde moja, na eksirei hutikisika mara maelfu zaidi ya hapo. Hakuna filamu wala kifaa cha elektroniki kiwezacho kufuata mitikisiko hiyo mmoja mmoja. Hukusanya nishati tu na kutoa jumla, kama karani wa bandari anayehesabu magunia asijue yalipakuliwa saa ngapi.

Tatizo hili lilianza kuwatesa watu mapema. Mwaka 1912, mjini Munich, Max von Laue na wenzake Walter Friedrich na Paul Knipping walipitisha eksirei katika fuwele, wakapata madoa kwenye bamba la picha. Mwaka uliofuata William Bragg na mwanawe Lawrence, huko Uingereza, walionyesha jinsi madoa hayo yanavyoweza kutumika kujua atomu zimepangwaje ndani ya fuwele. Weusi wa kila doa ni ukubwa wa wimbi lililofika pale. Awamu yake haikuandikwa popote. Kwa chumvi ya mezani, ambayo mpangilio wake ni rahisi, mtu aliweza kubuni na akapatia. Kwa protini yenye maelfu ya atomu, kubuni ni kamari.

Sasa nirudi kwa mhandisi wangu na mia zake. Nitaanza na mfano mdogo kabisa, wa duka.

Mwenye duka ana daftari lenye kurasa za wateja wawili. Mvua imevuja ikafuta alama za kujumlisha na kutoa. Ukurasa wa kwanza unasomeka 300, wa pili 500. Hajui nani anamdai na nani anadaiwa. Visivyojulikana ni viwili, vipimo ni viwili, na kwa mujibu wa chaki yangu ya rangi kazi imekwisha. Je, imekwisha? Anahitaji kipimo cha tatu: ukubwa wa jumla ya hesabu zote mbili. Ikiwa ni 800, wateja wako upande mmoja. Ikiwa ni 200, mmoja anadai na mwingine anadaiwa. Vipimo vitatu kwa vitu viwili. Na hata hapo hatajua kama alama zote mbili zimegeuka kwa pamoja, kwa kuwa hakuna kipimo cha aina hii kinachoweza kulifichua hilo. Wanahisabati wamekubaliana kulisamehe, nami nalisamehe pamoja nao, ingawa mwenye duka hatasamehe.

Wateja wakiwa wengi, tuseme M, vipimo vinavyohitajika ni 2M−1. Kwa wateja 100 ni vipimo 199. Jambo hili lilithibitishwa katika makala ya mwaka 2006 ya Radu Balan, Pete Casazza na Dan Edidin, na sehemu ya uthibitisho wake ni nyepesi kiasi kwamba naona aibu kuwa sikuwahi kuifikiria mwenyewe. Sikiliza. Chukua vipimo 2M−2, yaani pungufu kwa kimoja tu. Vigawe mafungu mawili, kila fungu vipimo M−1. Kwa kuwa kila fungu lina vipimo vichache kuliko M, lazima kuna wimbi ambalo fungu la kwanza halilioni kabisa, vipimo vyake vyote vinalisoma sifuri. Liite u. Kuna na jingine ambalo fungu la pili halilioni. Liite v. Sasa tunga mawimbi mawili, u+v na u−v. Fungu la kwanza haliioni u, kwa hiyo katika wimbi la kwanza linaona v, na katika la pili linaona v iliyogeuzwa alama. Na kwa vile alama ndiyo iliyopotea, linasoma namba zilezile. Fungu la pili haliioni v, linaona u katika mawimbi yote mawili. Basi vipimo vyote vimetoa majibu yaleyale kwa mawimbi mawili yasiyofanana. Uwe na kompyuta ya ukubwa wa nyumba, haitakuambia ni lipi kati ya hayo mawili, kwa sababu habari hiyo haimo katika vipimo.

Huo ni upotevu wa alama tu. Wimbi la kweli limepoteza zaidi ya hapo. Awamu yake inaweza kuwa popote kwenye duara, kama mshale wa saa ya ukutani, na wanahisabati huliandika kwa namba changamano. Hapo bei inapanda. Makala ileile ya 2006 ilionyesha kwamba vipimo 4M−2 vilivyochaguliwa kwa nasibu vinatosha. Mwaka 2013 Afonso Bandeira na wenzake watatu walikisia kwamba mpaka wenyewe ni 4M−4: hivyo vinatosha, na chini ya hapo haiwezekani. Nusu ya kisio hilo ilithibitishwa na Aldo Conca, Dan Edidin, Milena Hering na Cynthia Vinzant: 4M−4 vilivyochaguliwa kwa nasibu vinatosha kweli, na M ikiwa 2, 3, 5, 9, 17 na kuendelea hivyo, vikipungua kimoja haviwezi kutosha kamwe. Kwa M ya 100 bei ya 4M−4 ni vipimo 396. Mhandisi wangu alikuwa na mia.

Nusu ya pili ya kisio ilianguka. Mwaka 2015 Vinzant huyohuyo alitoa mfano wa M ikiwa 4, ambapo kanuni inadai vipimo 12, naye akaonyesha vipimo 11 vinavyotosha. Najua watetezi wa ubahili wataurukia mfano huu. Watasema: unaona, Mwalimu, hata wakubwa wamegundua kwamba vinaweza kupunguzwa! Naam, vimepunguzwa kimoja, na cheti cha kupunguza kimoja kililazimu uthibitisho kamili wa aljebra. Halafu hesabu tena: namba 4 changamano ni namba 8 za kawaida, toa moja kwa ajili ya mzunguko wa pamoja usiojulikana, zinabaki 7. Ushindi mkubwa kabisa wa kubana matumizi ulifika 11. Haukufika 7, seuze 4.

Nilimweleza kijana haya yote kwa kalamu, nyuma ya bahasha ya benki. Alikuwa msikivu. Lakini mhandisi hakubali kushindwa na bahasha, akanirudishia hoja ambayo nakiri ni nzito. Akasema: theoremu zako zinataka vipimo vitenganishe mawimbi yote yanayowezekana, hata yale ya ajabu. Sisi hatupokei mawimbi yote. Na wanahisabati wako haohao wamethibitisha kwamba katika mfano wa alama, ukitosheka na karibu mawimbi yote badala ya yote, M+1 vinatosha.

Ni kweli. Vipimo M+1 vya nasibu vinatenganisha mawimbi yote ila yale yaliyolala kwenye nyufa nyembamba, nyembamba kiasi kwamba ukirusha mshale kwa kubahatisha hautaingia humo. Mhandisi akaegemea kiti kama mtu aliyekwisha kushinda shauri.

Ugomvi wangu uko hapo hasa, katika neno "karibu". Nani amewaambia kwamba maumbile hurusha mishale kwa kubahatisha? Fuwele si bahati nasibu. Ina ulinganifu, ina atomu zilizorudiwa, ina nafasi tupu, na vitu vyenye ulinganifu na nafasi tupu ndivyo hasa vinavyopenda kukaa kwenye nyufa. Mwaka 1930 Linus Pauling na Maple Shappell, wakichunguza madini yanayoitwa biksibaiti, walikuta mipangilio miwili tofauti ya atomu ambayo ingetoa madoa yenye weusi uleule. Madini hayo hayakutungwa na mwanahisabati mwenye nia mbaya, yanachimbwa ardhini. Mwaka 1944 Lindo Patterson aliandika makala nzima juu ya utata wa namna hiyo.

Kama msomaji anadhani natia chumvi, achukue penseli. Kuna barabara iliyonyooka yenye vijiji 6. Mtu amepima umbali kati ya kila kijiji na kijiji, jumla vipimo 15, kisha akakuletea orodha bila majina: kilomita 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8, 9, 10, 11, 12, 13, 16 na 17. Panga vijiji. Kijiji cha kwanza kiko mwanzo wa barabara, kwa hiyo visivyojulikana ni 5 tu, na vipimo ni 15, mara tatu yake. Tajiri gani angetaka zaidi? Ukijitahidi utapata kwamba vijiji viko kilomita 0, 1, 4, 10, 12 na 17. Utafurahi, utaita watu. Kisha jirani yako atakuja na jibu lake: 0, 1, 8, 11, 13 na 17. Toa moja moja uhakikishe. Orodha ni ileile, umbali wote 15, na barabara ni mbili. Wala ya pili si ya kwanza iliyosomwa kinyumenyume.

Madoa ya fuwele hutoa habari za aina hiyo: umbali kati ya atomu na atomu, bila kusema ni atomu zipi. Kwa hiyo nalazimika kurekebisha hata hoja yangu mwenyewe, maana nilianza kama mtu anayedai wingi tu. Wingi peke yake hautoshi. Vipimo 15 vinavyouliza swali lilelile vinashindwa na vipimo 6 vinavyouliza maswali tofauti. Lakini mhandisi asifurahi mapema. Hii inamzidishia kazi. Hapaswi kuhesabu vipimo vyake peke yake; anapaswa pia kuonyesha kwamba vipimo hivyo havina jirani wa kuja na barabara ya pili.

Tena hesabu zote hizi za 2M−1 na 4M−4 ni za ulimwengu usio na makosa ya kupimia. Kelele ikiingia, na kelele huingia daima, mawimbi mawili yaliyotofautiana kidogo katika vipimo huwa kitu kimoja. Mwaka 2013 Emmanuel Candès, Thomas Strohmer na Vladislav Voroninski walichapisha njia ya kompyuta yenye dhamana ya kurudisha wimbi bila awamu, na dhamana ile ilidai vipimo vya nasibu ambavyo idadi yake inakua kama M ikizidishwa kwa logi ya M. Baadaye ilipunguzwa ikawa M mara kiwango maalumu. Unaona? Kompyuta yenye adabu, ile inayotoa dhamana, haisemi nipe mia nitamalizia. Inasema niongezee.

Sasa kuhusu huko kumalizia. Mwaka 1981 Alan Oppenheim na Jae Lim wa Marekani walionyesha jambo ambalo laiti ningelibandika kwenye mlango wa kila maabara. Chukua picha mbili. Zichambue zote katika mawimbi yake. Chukua ukubwa wa mawimbi ya picha ya kwanza, uyavishe awamu za picha ya pili, kisha uyaunganishe upya. Utaona nini? Utaiona picha ya pili, ile iliyotoa awamu. Ile iliyotoa ukubwa imetoweka, ingawa ukubwa wote ulipimwa kutoka kwake. Maana yake ni nzito. Anayebuni awamu atapata picha inayofanana na alichobuni, na itakuwa picha safi, yenye mistari inayovutia, nao watakaoiona watapiga makofi. Vipimo vitakuwa vimetumika kama muhuri wa ofisi juu ya barua iliyoandikwa na mwingine.

Na mtu hahitaji kuwa mwongo ili aangukie hapo. Mwaka 2006 maabara moja ya Marekani ililazimika kuondoa makala 3 ilizochapisha katika jarida la Science kuhusu umbo la protini za utando wa seli. Programu ndogo waliyokuwa wakiitumia ilikuwa imebadilishana safu mbili za takwimu, alama ya tofauti kati ya jozi za madoa ikageuka, awamu zikatoka kinyume, na umbo zima likapinduka. Watu wenye akili waliliamini kwa miaka kadhaa. Wengine waliopata matokeo tofauti walijitilia shaka wenyewe kwanza. Alama moja ya kutoa, msomaji.

Simfananishi kila anayeongeza ujuzi wake juu ya vipimo na mwongo. Herbert Hauptman na Jerome Karle walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1985 kwa sababu walionyesha jinsi ya kupata awamu kutoka kwenye ukubwa wa madoa yenyewe, wakitumia mambo mawili ambayo hakuna awezaye kuyapinga: kwamba wingi wa elektroni hauwezi kuwa chini ya sifuri, na kwamba atomu ni vitu vidogo vilivyotengana. Lakini walitaja walichokiongeza. Kiko mezani, kila mtu anaweza kukikagua, na madoa waliyoyatumia yalikuwa mengi kuliko namba walizozitafuta. Huo si ubahili. Ubahili ni kupunguza vipimo kisha kunyamaza kuhusu kilichojaza pengo.

Najua vipimo ni ghali. Eksirei huiharibu sampuli, muda wa mashine hulipiwa, na bosi anataka ripoti Ijumaa. Namwelewa bosi. Ila namkumbuka pia Max Perutz, aliyeanza kuihangaikia hemoglobini, ile protini nyekundu ya damu, mjini Cambridge katika miaka ya 1930. Kwa miaka zaidi ya 15 alikuwa na madoa tele na hakuwa na picha. Angeweza kubuni umbo, akalitangaza, akapumzika. Mwaka 1953 alitambua kwamba atomu za zebaki zikishikizwa kwenye molekuli ile, weusi wa madoa hubadilika kiasi cha kupimika. Ukishajua atomu nzito imekaa wapi, kazi ni hii. Doa la fuwele tupu linakuambia tu kwamba awamu iko mahali fulani kwenye duara. Doa lilelile la fuwele yenye zebaki linakupa duara la pili, na maduara hayo mawili hukatana mahali pawili: majibu mawili. Unatafuta fuwele ya tatu, yenye atomu nzito mahali pengine, nayo inakupa duara la tatu linalopita kwenye moja tu ya sehemu zile mbili. Kitu kimoja kisichojulikana, vipimo vitatu, na hivyo kwa kila doa, kwa maelfu ya madoa. Umbo la hemoglobini lilichapishwa mwaka 1960, na mwaka 1962 Perutz na John Kendrew wakapewa Nobel. Hakuna aliyemalizia chochote hapo.

Nilipofika hapa kijana alikuwa ameshika penseli yangu. Chai ilikuwa imepoa. Alikuwa akipanga vile vijiji sita nyuma ya bahasha, akafuta, akapanga tena, akaipata barabara ya pili mwenyewe, akanyamaza kwa muda. Kisha akauliza swali nililokuwa nikilisubiri tangu asubuhi.

"Sasa Mwalimu, ningeongeza kipimo gani?"

Nikamwambia, kimoja tu. Anza upande ule ambao kijiji cha mwisho kina jirani wa kilomita 1. Nenda kwa huyo jirani, uulize kijiji kinachofuata kiko umbali gani. Wakisema kilomita 3, ni barabara ya kwanza. Wakisema 7, ni ya pili.

Nikataka kumsimulia jambo ambalo sijamsimulia mtu. Katika miaka ya 1980, katika shule ambayo sitaitaja, niliwapa kidato cha pili jaribio. Swali la nne lilisema: mtu amesimama kwenye mstari wa namba, hatua 7 kutoka sifuri. Amesimama wapi? Katika karatasi yangu ya majibu niliandika 7. Darasa zima liliandika 7, isipokuwa msichana mmoja wa dawati la nyuma. Yeye aliandika: "7 au −7. Swali halitoshi." Nililikata jibu lake kwa wino mwekundu, nikalikata na lile neno "halitoshi" mistari miwili, nikampa sifuri. Aliposimama akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu, nani amekwambia ni 7?" nilimtoa nje akafyeke nyasi nyuma ya bweni mpaka kengele. Hakuuliza swali lingine katika darasa langu. Sijui aliishia wapi.

Kijana alinisikiliza mpaka mwisho. Akaikunja bahasha, akaitia mfukoni mwa shati.

"Namkumbuka," akasema. "Nilikaa dawati la mbele yake. Mimi niliandika 7. Ulinipa alama zote."